Kipa wa Makubaliano

Binti yangu mkubwa anafua jezi. Chumba chao cha kufulia kiko chini ya jukwaa la uwanja, na timu zote, ya mpira wa miguu, ya wavu na ya kikapu, hutupa nguo zao chafu kwenye mapipa ya plastiki yaliyopangwa ukutani. Anawajua wachezaji kwa uchafu wao. Akiinua kaptura anakuambia huyu ameanguka mbele ya goli la upande wa barabarani, maana huko nyasi zimekwisha, umebaki udongo mwekundu. Anajua nani anarudia soksi mechi mpaka mechi, na nani anajipaka dawa ya kuchua mpaka jezi inanuka hospitali nzima.

Ndiyo maana sikuelewa, na sidhani kama nimeelewa hata sasa, ilikuwaje mtu huyo huyo akapenda vitabu vya mapenzi ya wachezaji.

Kwanza, si mtu wa ndoto. Tangu utotoni hakuwa. Wenzake wakicheza baba na mama nyuma ya nyumba, mmoja mume, mmoja mke, mmoja mtoto anayelia, yeye alikuwa anachagua kuwa jirani. Anabisha hodi, anaomba chumvi, anakaa kidogo, anaaga. Nilikuwa namtazama dirishani nikijiuliza ni mtoto gani huyu anayekuja kwenye mchezo kuomba chumvi tu. Alipokua hakubadilika sana. Ni mrefu kama baba yake, mabega yamepanuka kwa kukamua nguo nzito, sauti yake ni ya chini, na jambo analisema mara moja. Ukilisikia umelisikia.

Vitabu vyenyewe ni vidogo, vya karatasi nyembamba, vinauzwa kwenye kibanda cha magazeti, na vingine anavyo kwenye simu. Juu ya jalada kuna kijana kifua wazi kashika mpira. Hadithi karibu ni ile ile. Mchezaji ana sifa mbaya, na kocha amemwambia atulie la sivyo hasajiliwi. Msichana naye ana shida yake: dada yake anaolewa na yeye hana wa kwenda naye, au mchumba wa zamani anamringia. Basi wanakubaliana waigize wapenzi. Wanawekeana masharti. Kushikana mikono ni mbele za watu tu. Hakuna kuulizana mambo ya nyuma. Msimu ukiisha, kila mtu kwao. Halafu wanapendana kweli, kila mmoja akidhani mwenzake bado anaigiza, na wanateseka hivyo kurasa nzima nzima, hata safarini wanapopewa chumba chenye kitanda kimoja.

Nilimwuliza siku moja, sasa kama mwisho unaujua, unasoma nini?

"Ndiyo raha yake, mama."

"Raha ya kujua?"

"Ya kujua wakati wao hawajui."

Nikasema haya. Nilikuwa naunga mkono wa jezi, sikutaka kubishana na kitu nisichokielewa.

Mimi ni fundi wa cherehani, nafanyia kazi barazani kwetu, na jezi zikichanika uwanjani binti yangu huniletea. Zikiwa tayari wakati mwingine nazipeleka mwenyewe, na huko ndiko nilikoona kumbe ugonjwa si wa binti yangu peke yake. Wanawake wa chumba cha kufulia wana utaratibu wao. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanagawana fungu lake la kazi. Msomaji anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbali na mashine inayonguruma, na wenzake wanafua, wanakamua, wanapiga pasi, masikio yote kwake. Binti yangu ndiye anayesoma vizuri, kwa hiyo mara nyingi ndiye anayekaa juu ya ndoo. Siku niliyoingia alikuwa amefika mahali mchezaji anamfunga msichana kamba ya kiatu, akaruka mistari kwa sababu yangu. Mpiga pasi, mwanamke mnene mwenye wajukuu, akasimamisha pasi hewani.

"Umeruka," akasema.

"Mama yangu yupo."

"Mama yako naye amezaa. Rudi nyuma, la sivyo soksi zote za leo ni zako."

Akarudi nyuma, akasoma, kichwa ameinamisha kwa haya. Mimi nikazipanga jezi mezani polepole kuliko ilivyohitajika. Kamba ya kiatu ikafungwa. Chumba kizima kikashusha pumzi, na wale wafuaji, nilivyowatazama, mikono yao ilikuwa ndani ya soksi zenye mchanga za wanaume halisi.

Ningeliacha jambo hilo hapo kama si wifi yangu.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anauza vitambaa nyumba kwa nyumba, na vitambaa vinamfikisha kila mahali. Alikuwa amemwona binti yetu anapita umri, kama alivyosema, na amempatia mtu. Mtu mwenyewe ana duka la mabati na misumari, amefiwa na mke, watoto wake wameshakuwa wakubwa. Wifi alimsifia kama anavyosifia bidhaa yake: hachuji, hasinyai, ukimtazama mbele na nyuma ni yule yule. Mume wangu, ambaye ni seremala na hununua misumari kwa huyo huyo, alisema ni mtu mwema, anapima kwa haki. Mimi sikuwa na neno baya juu yake. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi, kwamba sikuwa na neno baya.

Binti yangu alisikiliza yote, akaweka kijiko chini.

"Shangazi, nina mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Ni kipa."

"Kipa," wifi akasema, akanigeukia mimi kama nimemficha kabatini. "Wifi, ulijua?"

Sikujua. Nilitikisa kichwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo au hapana. Mume wangu akasema basi kipa aje tumwone, kisha Jumapili moja tutakaa, tumpe mwenye duka jibu lake la kueleweka, maana si vizuri kumwacha mtu mzima ananing'inia.

Kipa akaja. Jezi zake nilikuwa nazijua kabla yake: viwiko vimelika sikuzote, vingine vyote vizima. Mwenyewe alikuwa kijana mkubwa, mtaratibu, wa timu ya daraja la chini, na asubuhi hufanya kazi ya kupakia magunia kwenye ghala la unga. Aliingia getini ameshikana mkono na binti yangu. Akamwamkia mume wangu, akaniamkia mimi, akajibu kila alichoulizwa na wifi, pamoja na alichoulizwa mara mbili. Nikajisemea, mbona kijana mzuri. Halafu wakaenda jikoni kuchukua maji, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia la stoo natafuta glasi. Walipoona hakuna mtu, mikono ikaachana kama imeungua. Wakasimama kila mmoja upande wake wa meza. Binti yangu akamwambia kwa sauti ndogo, "Unafanya vizuri."

Nilikaa na ile glasi mkononi. Unafanya vizuri. Mtu anamwambia hivyo mchumba wake?

Kesho yake nilikuta kitabu kimesahauliwa ndani ya furushi la jezi. Mimi niliishia darasa la saba, nasoma kwa kidole chini ya mstari, na sikuwa nimesoma kitabu kizima tangu wakati huo. Hicho nilikisoma chote, mchana, kati ya mteja na mteja. Nilikisoma kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Masharti yalikuwemo, lile la mikono likiwa la kwanza. Lakini nikiri pia kwamba kilinishika. Nilishona mfuko wa suruali ya mtu ukafungika juu, ikabidi niufumue, kwa sababu mchezaji wa kikapu alikuwa amesimama kwenye mvua nje ya nyumba na yule msichana mjinga alikuwa anadhani kaja kurudisha mwavuli.

Jambo moja lilinifurahisha mpaka nikaona haya. Vitabu hivi sura moja anasimulia msichana, inayofuata anasimulia mchezaji, wanapokezana hivyo mpaka mwisho. Kwa hiyo wewe msomaji uko ndani ya vichwa vyote viwili. Hubahatishi. Mimi maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kubahatisha: namtazama mtoto anavyovua viatu nijue siku yake ilikuwaje, namsikiliza mume anavyoweka msumeno chini nijue kama mteja amelipa. Nikamwelewa mpiga pasi na pasi yake hewani. Dakika chache tu, mtu kupumzika kubahatisha.

Ila nikikifunga kitabu, nyumbani kwangu hakukuwa na sura ya kipa wala sura ya binti yangu. Kulikuwa na mikono inayoachana jikoni. Na Jumapili ya jibu ilikuwa inakuja. Kama kipa ni wa kuigiza na mimi nikanyamaza, mwenye duka ataambiwa hapana, msimu utaisha, kipa atakwenda zake, na binti yangu atabaki kichekesho cha kila nyumba inayouziwa vitambaa. Kama kipa ni wa kweli na mimi nikafungua mdomo, nitakuwa nimemvunjia mwanangu heshima mbele ya mtu wake. Nilianza kukosa hamu ya chakula.

Nikaanza kuchunguza. Kitabuni, mchezaji aliyependa kweli hugundulika kwa kumtazama msichana wakati msichana hatazami. Kwetu sebuleni kuna kabati la vioo. Kila kipa alipokuja nilimkalisha kiti kinachoelekea kabati, mimi nikikaa pembeni nashona vifungo, nikimwona kwenye kioo. Alimtazama. Lakini alilitazama pia kabati, na saa ya ukutani, na siku moja alinikuta macho yangu kwenye kioo, akatabasamu kwa adabu, nikajichoma sindano. Ushahidi wa aina gani huo? Binti yangu yeye sikumwona akimtazama hata kidogo. Alikuwa anamkatia mkate, anampa, anaendelea na mazungumzo. Hata mimi mama yake ananikatia mkate hivyo hivyo.

Basi nikaamua kuuliza.

Kipa alipita mchana, binti yangu akiwa kazini, kuchukua jezi yake. Nikasema nataka kuitia viraka vya viwiko, nimpime. Akasimama barazani mikono ameinyoosha pande zote mbili, amejaa mlango kama amejaa goli. Nilipomzungushia futi kwenye kiwiko nikaona sasa au basi.

"Mwanangu, wewe na binti yangu mnaigiza?"

 Nilihisi mkono wake unakakamaa.

"Mama, naweza kushusha mikono?"

"Usishushe. Nijibu."

Akatazama juu, kwenye bati la baraza. Akaniambia pole pole, bila kunificha. Binti yangu alimfuata pale kwenye mapipa akamweleza habari ya shangazi na mwenye duka. Akamwambia amemchagua yeye kwa sababu ndiye mchezaji peke yake anayezigeuza soksi zake upande sahihi kabla ya kuzitupa, kwa hiyo ana adabu. Akamsomea masharti. Msimu ukiisha, basi. Kipa alikubali kabla masharti hayajaisha.

"Kwa hiyo mnaigiza," nikasema.

"Yeye anaigiza, mama. Mimi sijui mimi nafanya nini." Akashusha macho kutoka kwenye bati. "Zile soksi nilianza kuzigeuza kwa ajili yake. Nilimwona siku moja anazigeuza za watu wote, moja moja, mkono unaingia mpaka kiwiko."

Futi ilikuwa bado imemzunguka mkono. Sikujua niifungue au niiache.

"Umemwambia?"

"Sharti la pili ni kutoulizana. Naomba usimwambie, mama. Ukimwambia wewe, atadhani nimekutuma."

Nikaifungua futi. Akachukua jezi bila viraka, akaondoka, na mimi nikabaki na sura moja nzima ya mchezaji, niliyoitaka mwenyewe, na haikunisaidia kitu. Kitabuni ningefurahi. Ningegeuza ukurasa. Hapa nilikuwa nimeshika moyo wa mtoto wa watu, na moyo wa mwanangu sijui uko wapi.

Nikaenda kwa mume wangu. Karakana yake iko uani. Alikuwa anapiga randa mlango, maranda yamemjaa mpaka kwenye nyusi. Sisi wawili tulioana kwa kupangiwa. Wazazi walizungumza, sisi tukaletwa, na mbele za watu tukawa tunakaa karibu karibu kama watu wanaopendana kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa. Miaka yote hii sikuwahi kuuliza.

"Baba watoto," nikamwambia, "sisi tulianza lini?"

"Tulianza nini?"

"Kupendana."

Akasimamisha randa. Akatafuta penseli mezani, ambayo ilikuwa nyuma ya sikio lake, na mimi sikumwambia.

"Mimi nilianza mapema," akasema. "Wewe ndiyo sijui."

Kisha akaniomba nimshikie upande wa pili wa mlango, ageuze. Nikaushika. Tukaugeuza. Nilisubiri aseme mengine, naye nafikiri alikuwa anasubiri niseme mimi, halafu randa ikaanza tena. Nilirudi barazani nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Mapema lini? Wakati nalia chooni kwa kuwakumbuka wa kwetu? Wakati ule nilikuwa nadhani amenikalia kimya kwa sababu hajanipenda. Watoto wetu wote wamezaliwa ndani ya ukimya huo, na hakuna aliyeniambia, na mimi pia, sasa nikijiuliza, upendo wangu ulianza lini? Nilipekua kichwani siku baada ya siku nikakuta ile ya kuanza haina alama. Niligundua tu kwamba upo, kama mtu anavyogundua mvua imekatika.

Nadhani hilo ndilo lililonifungua mdomo. Nilimwona kipa akizeeka barazani kwa watu hajasema neno.

Nilimkuta binti yangu siku yake ya mapumziko. Tulikuwa tunakunja shuka, yeye huku, mimi kule, tunavuta, tunakutana, tunaachana. Tulipokutana, ncha zetu zikiwa pamoja, nikamwambia: najua mnaigiza, na yule kijana haigizi, anakupenda.

Nilitegemea haya, au machozi, au kicheko. Aliikunja ile shuka mpaka ikawa ndogo kuliko tunavyozikunja.

"Kwa nini umeniambia?"

"Mimi ni mama yako."

"Mama, mimi nilikuwa napumzika." Hakupandisha sauti. "Tangu nimempata huyu kipa, shangazi kaacha kuniuliza. Baba kaacha kunitazama kwa huruma. Kazini wameacha. Yeye mwenyewe haniulizi chochote, ndiyo masharti. Anakuja, tunakaa, tunacheka, anakwenda. Hakuna anayetaka jibu. Unajua ni kitu gani hicho? Sasa umenipa swali."

"Lakini vitabu vyako," nikasema. "Huko si wanaishia..."

"Huko namsoma mtu mwingine, mama. Anayetakiwa kujibu si mimi."

Akaiweka shuka juu ya kitanda, akatoka. Hakunichukia, nilijua kama angekuwa amenichukia asingemalizia kuikunja. Ila kwa siku kadhaa alinisemesha kama anavyomsemesha mteja. Na mimi nilikuwa nawaza, kumbe raha ya vile vitabu nilikuwa nimeikamata upande mmoja tu. Mimi nilipenda kujua. Yeye alipenda kutokuulizwa. Au labda nayo nimeikosea, sijui, kila nikidhani nimefika naona bado.

Jumapili ikafika. Nilipanga viti vyote, nikatoa vikombe vyenye visahani. Wifi alikuja mapema amejifunga kitambaa kipya, simu mkononi, maana mwenye duka alikuwa ameahidiwa kupigiwa. Mume wangu alivaa shati la mikono mirefu. Kipa alikuja peke yake, akakaa kwenye kiti kile kile cha kabati kwa mazoea, na hakuna aliyemwambia nini kinaendelea. Niliona kwenye macho yake kwamba alihisi nimesema. Nikajishughulisha na birika.

Wifi akaanza kueleza tulivyokutana kwa jambo la heri, na kwamba upande mmoja kuna mtu mzima aliyejiweka sawa, na upande mwingine kuna, samahani mwanangu, magoli.

"Nayazuia, shangazi," kipa akasema.

"Unayazuia. Timu yenu ya ngapi?"

"Ya tatu kutoka chini."

"Basi mengine yanapita."

Mume wangu alikohoa kuficha kicheko. Binti yangu hakucheka. Aliinua mkono kidogo, kama mtu darasani, na wote tukamgeukia.

"Shangazi, yule wa mabati mwambie hapana. Na hapana hiyo si kwa sababu ya kipa. Ni yangu mimi." Akavuta pumzi. "Na mimi na kipa tuliwadanganya. Nilimwomba aje hapa ajifanye mchumba, ili mniache."

Wifi aliweka kikombe chini, kikakosa kisahani. Nikaifuta ile chai iliyomwagika kwa ncha ya kanga. Hiki ndicho nilichokuwa nakiogopa, mwanangu amesimama katikati ya sebule na aibu yake mkononi, na hakuna aliyemfichua, amejifichua mwenyewe.

Mume wangu akamgeukia kipa.

"Ni kweli?"

"Kwa upande wake ni kweli, mzee."

"Na upande wako?"

Kipa akanitazama mimi.

"Usimtazame mama," binti yangu akasema. "Nitazame mimi."

Akamtazama. Alikuwa amekaa wima kama mtu anayesubiri penalti.

"Wangu si uongo," akasema. "Haukuwahi kuwa."

"Najua. Nimeambiwa." Binti yangu alikaa chini, akaiweka ile mikono yake mipana juu ya magoti. "Mimi bado sijui. Sisemi sitaki. Nasema sijui, na sitaki mtu yeyote humu ndani aniharakishe kujua. Sasa wewe utafanyaje?"

Kipa alifikiri. Alifikiri kweli, unaona mtu anapofikiri.

"Sijui na mimi. Ninywe chai kwanza?"

"Kunywa."

Akanywa. Nilimtazama binti yangu. Nilitazama kwa nguvu zangu zote, nimwone kama amefurahi au ameumia, kama kale kamstari karibu na mdomo ni kicheko au ni uchovu tu. Nimemzaa, nimemnyonyesha, nimemwona anaota meno, na sikuweza kusoma hata neno moja. Alikuwa anakata mkate.

Simu ya wifi ikaita. Alikuwa mwenye duka, amechoka kusubiri. Wifi aliiziba kwa kiganja, akatuzungukia wote kwa macho.

"Nimwambie nini? Ana mtu au hana?"

 Nilimwangalia mume wangu, yeye ananiangalia mimi, na nikaona kwamba hata yeye aliyeanza mapema hana msaada.

"Mwambie hapana," mume wangu akasema mwishowe. "Ndicho alichouliza. Mengine hakuuliza."

Wifi akatoka barazani. Tulimsikia vizuri, ukuta ni wa mbao. Alisema hapana kwa heshima, akamshukuru, akamtakia kheri. Kisha akanyamaza, mwenye duka anauliza kitu. "Hapana, hajaolewa," wifi akasema. "Ndiyo, yupo mmoja. Hapana, si mchumba. Alikuwa, lakini alikuwa wa uongo. Sasa? Sasa yuko ndani anakunywa chai. Bwana wee, mimi mwenyewe nauza vitambaa tu, usiniulize."

Binti yangu alisogeza sahani ya mkate mpaka katikati ya meza, mahali ambapo kipa angeweza kuifikia na yeye pia. Nilishindwa kujua kama ni kwa ajili yake au ni kwa ajili yetu wote. Kikombe cha kipa kilikuwa kitupu, na hakuna aliyemwambia abaki wala aondoke. Nikachukua birika nikamwongeza.